Kasoro za FAT Katika Sehemu ya Kuwashia Kompyuta

Kompyuta ikiwashwa haikimbilii Windows au Linux moja kwa moja. Kwanza huamka programu ndogo iliyomo ndani ya mashine yenyewe, ambayo siku hizi huitwa UEFI. Hii huenda kwenye sehemu maalum ya diski, ikatafuta faili ya kuamsha mfumo wa uendeshaji. Sasa basi, kanuni za UEFI zinataka sehemu hiyo iwe imepangwa kwa muundo wa FAT.

Muundo huu ni mzee. Kampuni ya Microsoft iliuanza mwaka wa 1977, na FAT32 ikaja 1996. Faili hukatwa vipande, kisha jedwali huonyesha kipande kipi chafuata kipi. Ni rahisi kusomwa na mashine yoyote, na ndiyo maana ukachaguliwa.

Lakini hebu fikiria stima ipotee wakati kompyuta inabadilisha faili hizo. Vipande vimeandikwa, jedwali bado! Miundo kama NTFS ya Windows na ext4 ya Linux ina daftari: hunakili humo kwanza mabadiliko ya orodha zake, hivyo mashine ikiwaka tena hulisoma na kuziweka sawa. FAT hauna daftari. Faili yaweza kubaki nusu, na kwa vile ni ya kuwashia, mashine hukwama kabla mfumo haujaamka. Insha zako na picha zako zimo salama diskini, lakini utazifikiaje? Wengine watasema mbona FAT huweka nakala mbili za jedwali. Ni kweli, ila zikitofautiana hakuna alama ya kuonyesha ipi ndiyo sahihi.

Tena FAT haumjui mwenye faili. Linux ikiufungua hulazimika kutumia ruhusa za aina moja kwa faili zote, za siri na zisizo za siri. Ile lawama kwamba faili ya FAT32 haiwezi kufika GB 4, mimi siioni kuwa na uzito hapa, kwani faili za kuwashia ni ndogo mno.

Baadhi ya watumiaji wa Linux wana ujanja wao. Katika FAT huacha programu ya kuanzishia tu, ambayo haibadilishwi mara kwa mara. Kiini cha mfumo, ambacho hubadilishwa sana, hukiweka katika sehemu nyingine yenye ext4. Programu kama GRUB yaweza kusoma ext4, kwa hivyo ikishaamka hukifuata huko huko.