Alama za Bastola za Vita na Habari Zilizomo

Katika nchi nyingi wako watu wanaokusanya bastola za zamani zilizotumika vitani. Wengi wao hawazitafuti kwa ajili ya kupiga shabaha, bali wapate kujua zilitengenezwa wapi, mwaka gani, na ni nani aliyezichukua. Kazi hiyo yataka subira, maana chuma hakisemi ila kwa alama zilizopigwa juu yake. Na alama zikifutika, habari zake hupotea kabisa.

Mfano mzuri ni bastola ya Kiingereza iitwayo Webley Mark VI. Jeshi la Uingereza liliikubali mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, nayo ilitengenezwa na kampuni ya Webley & Scott katika mji wa Birmingham. Mtutu wake ni wa inchi 6, uzito wake wapita kilo 1, na silinda yake huchukua risasi 6. Ikifunguliwa, mtutu huinama mbele na maganda yote husukumwa nje kwa mara moja, hata askari akaweza kutia risasi nyingine upesi.

KUSOMA ALAMA

Kwanza hutazamwa mwaka uliopigwa kwenye fremu. Mtu akisema ya kuwa bastola yake ilipiganiwa huko Somme mwaka 1916, na fremu yaonyesha 1918, basi maneno yake hayawezi kuwa kweli. Lakini mwaka 1915 peke yake si ushahidi. Waonyesha tu ya kuwa jambo lile lawezekana.

Pili ni alama ya mshale mpana, ambayo maana yake ni mali ya Serikali. Mishale miwili ikielekeana ncha kwa ncha, yaonyesha ya kuwa silaha hiyo iliuzwa nje ya jeshi. Bastola isiyo na mshale isidharauliwe, kwa sababu maofisa wengi walijinunulia bastola zao wenyewe, na wengine waliandikisha majina yao juu yake.

KUTAFUTA MAANDISHI

Jina likipatikana, mtafutaji huenda kwenye nyaraka za taifa zilizoko Kew, London. Humo mna majalada ya maofisa na vitabu vya habari za kila siku vya vikosi, pamoja na vile vilivyopigana Afrika ya Mashariki tangu 1914 hadi 1918. Majalada mengi ya askari wa kawaida yaliteketea kwa moto wa mabomu mwezi wa Septemba 1940.

MAMBO YA KUEPUKA

Adui mkubwa wa kazi hii ni msasa. Mwenye kusugua chuma mpaka king'ae huondoa kutu, lakini huondoa mwaka, mshale na jina pia. Yatosha kupaka mafuta mepesi kwa kitambaa laini.

Jambo jingine ni la hatari zaidi. Bastola nyingi za namna hii zilizouzwa Marekani zilichongwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi za Kimarekani za .45. Risasi hizo zina nguvu kupita ile iliyokusudiwa kwa bastola hiyo, na silinda yaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Kwa hiyo silinda iliyochongwa hupunguza thamani, na huenda ikahatarisha maisha.

Mwisho ni sheria. Mwaka 1997 Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi mikononi mwa raia, ila iliacha nafasi kwa silaha za kihistoria, chini ya masharti. Katika Kenya haifai kuwa na silaha ya moto pasipo cheti. Basi anayekuta bastola ndani ya sanduku la marehemu asiifungue wala kuisugua. Na awaarifu polisi mara moja. Alama zake zitangoja.