Tuitunze Inveta

Ndugu wanachama, karafuu zikishapimwa na fedha zikiwa mkononi, baadhi yetu hufikiri kufunga paneli za sola juu ya paa na kuziunga na umeme wa gridi. Jambo hilo ni jema. Lakini yafaa tutahadharishane juu ya lile sanduku dogo la ukutani liitwalo inveta, kwani aghalabu ndilo liharibikalo kwanza.

Paneli hutoa umeme wa mkondo mnyoofu, na inveta huugeuza uwe mkondo geu wa volti 230, sawasawa na ule wa nguzoni. Huifanya kazi hiyo mchana kutwa, nayo hupata moto. Ndiyo sababu paneli nyingi hudhaminiwa miaka 25, lakini inveta nyingi miaka 5 mpaka 10 tu.

Adui yake mkubwa ni joto. Ndani yake mna kapasita zenye umajimaji, na joto huzikausha. Mafundi hukadiria kwamba joto likizidi kwa digrii 10, umri wa kapasita hupungua nusu. Basi jua lile lile lifaalo kuanikia karafuu ndilo liuwalo inveta. Itundikwe kivulini, hewa ipite pande zote, wala isirundikiwe magunia. Chumvi ya bahari, vumbi, sisimizi na mijusi pia huidhuru. Na kwa ajili ya radi, fundi atie waya wa ardhini na kinga ya radi.

Tena ijulikane kwamba umeme wa nguzoni ukikatika, inveta isiyo na betri hujizima hata jua likiwaka. Huo si ubovu. Imefanywa hivyo ili fundi aliye juu ya nguzo asidhurike. Sisi wa Pemba twapata umeme kutoka Tanga kwa waya wa baharini tangu 2010. Ndugu zetu wa Unguja, waya wao ulipoharibika Desemba 2009, walikaa gizani miezi kama mitatu. Atakaye taa siku kama hizo, na anunue inveta ya kutumia na betri, iwezayo kujitenga na gridi.

Basi kila mwenye paneli na atenge kidogo kila msimu kwa ajili ya inveta ya pili, kwani ya kwanza itachoka paneli zingali nzima. Akiba haiozi.