KODI YA MAJENGO NA DENI LA TAIFA KWA ASKARI MLEMAVU

Askari anapojenga nyumba, hujenga kambi yake ya mwisho. Katika mitaa ya Bujumbura, kuanzia Kinama na Kamenge upande wa kaskazini hadi Musaga na Kanyosha upande wa kusini, ziko nyumba zilizoinuliwa tofali baada ya tofali kwa mshahara wa jeshi au wa polisi. Leo tunapenda kuzungumza juu ya mwenye nyumba ya namna hiyo ambaye alirudi kazini akiwa amepoteza mguu, au mkono, au nuru ya macho, na juu ya kodi ya majengo inayodaiwa kwa ajili ya paa lake. Hatusemi ile kodi ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba. Tunasema ile ambayo mwenye nyumba hutozwa kwa sababu tu anamiliki jengo.

Ndugu zetu hao si wa kubuni. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliacha majeruhi katika pande zote. Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, na kuanzia mwaka 2004 wengi waliokuwa wakipigana walivuliwa sare na kurudishwa uraiani, huku wengine wakiungana katika jeshi jipya na polisi mpya. Kisha, tangu Desemba 2007 hadi kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoitwa ATMIS kilipofikia kikomo mwishoni mwa 2024, vijana wa Burundi walitumika Somalia. Wako waliobaki huko milele, na wako waliorudi na majeraha ambayo hayatapona.

Sasa, kodi ya majengo haitazami mwili wa mwenye nyumba. Hutazama kiwanja, kuta na mabati. Mwenye afya, kodi ikimwelemea, huweza kutafuta kibarua cha jioni akaijaza pengo. Mlemavu hana njia hiyo, na juu ya hayo ana gharama ambazo jirani yake hazijui: magongo, mguu wa bandia unaochakaa, nauli ya kwenda hospitali, na mtu wa kumsindikiza. Kwa hiyo kiasi kile kile cha fedha ni kidogo kwa mmoja na ni kizito kwa mwingine.

Nchi mbalimbali zimelitazama jambo hili, na njia zao ni mbili. Njia ya kwanza tunaiona kwa jirani zetu wa Tanzania. Huko, tangu Agosti 2021, kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapanda kuwa shilingi 1,500. Lakini mzee aliyetimiza miaka 60, na mtu mwenye ulemavu asiye na kipato, husamehewa kodi ya nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe. Msamaha huo unatokana na uhitaji. Hauulizi kama mtu alipoteza mguu vitani au barabarani. Huuliza kama ana chochote mfukoni.

Njia ya pili iko Marekani. Katika jimbo la Texas, tangu mwaka 2009, askari wa zamani aliyehesabiwa na serikali kuwa na ulemavu wa asilimia 100 uliotokana na utumishi wake hatozwi kodi ya nyumba anayoishi. Mwenye asilimia pungufu hupunguziwa kwa kadiri ya jeraha lake. Akifa yule wa asilimia 100, mjane wake huendelea kupata msamaha huo, maadamu hajaolewa tena na bado anakaa katika nyumba ile. Hapa haliulizwi swali la umaskini. Swali ni moja tu: je, jeraha lilipatikana katika utumishi?

Tofauti ya njia hizi ni kubwa. Ya kwanza ni huruma ya taifa kwa dhaifu, nayo ni njema. Ya pili ni malipo ya deni. Tuseme koplo mmoja alikatwa mguu kwa bomu la kutegwa, naye hupata pensheni ndogo. Kwa njia ya kwanza huenda akaambiwa kwamba ana kipato, hivyo alipe. Kwa njia ya pili mguu wenyewe ndio stakabadhi yake. Maoni yetu ni kwamba jeraha la utumishi ni deni, na deni halilipwi kwa sadaka.

Hata hivyo, haki isiyo na mpaka hugeuka upendeleo. Kodi ya majengo ndiyo husaidia mji kuzoa taka, kuchimba mifereji na kutengeneza barabara, na mlemavu ndiye wa kwanza kuumia barabara ikiharibika. Kwa sababu hiyo nchi hizo mbili, ingawa zinatofautiana katika mengine, zinakubaliana katika hili: msamaha ni wa nyumba moja, ile anayolala mwenyewe. Nyumba za kupangisha na ilipe kodi kila moja, hata kama mwenyewe alipata nishani kifuani.

Burundi iliridhia mwaka 2014 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao katika kifungu chake cha 28 unataja haki ya makazi. Mwaka 2018 ilitungwa sheria ya nchi ya kulinda haki za watu hao. Msingi basi umekwisha kuwekwa. Lakini msingi wa sheria haumfai mtu ambaye karatasi zake hazipo.

Kwa hiyo, ndugu askari na ndugu polisi, tunawakumbusha mambo manne. Kwanza, ukijeruhiwa kazini, hakikisha jeraha limeandikwa siku zile zile na sababu yake imetajwa. Baada ya miaka 10 kamanda amehamishwa na daktari amestaafu. Pili, hakikisha kiwanja kimeandikishwa kwa jina lako. Karatasi ya mkono mliyoandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi wawili haitoshi. Tatu, andikisha ndoa yako kwenye komini, ili mjane wako asije akaonekana mgeni katika nyumba aliyoijenga pamoja nawe. Nne, usiache kulipa kodi kwa kusikia uvumi kwamba umesamehewa. Msamaha ni ule ulioandikwa. Lipa, tunza risiti, kisha dai haki yako kwa utaratibu.

Mwenye silaha hufundishwa kuitunza bunduki yake kila siku, hata siku ambazo hakuna adui. Karatasi za nyumba nazo zatunzwa vivyo hivyo, wakati viungo vyote bado ni vizima.