Ekzosi Huning'inizwa, Haikabwi

Noah inayotoka vijiji vya ndani vya Katumba kwenda Mpanda mjini, magunia ya mahindi nyuma na abiria wamebanana mbele, huipa ekzosi yake kazi ngumu kuliko ile iliyokusudiwa ilipoundwa. Kuna mitetemo ya barabara ya udongo iliyojikunja wakati wa kiangazi, kuna makorongo ya masika, kuna mzigo unaoshusha bodi hadi ikaribie difu. Bomba la awali likichakaa, mwenye gari huenda kwa fundi wa kuchomelea, naye humpimia jipya papo hapo. Njia hiyo si mbaya hata kidogo. Bomba lililotengenezwa kwa mkono likipimwa vizuri hudumu miaka. Lakini mara nyingi gari hurudi baada ya wiki chache: moshi unavuja, na chini kunagonga. Fundi anakaza zaidi, anaongeza waya, anachomelea kipande kingine kwenye chasisi. Hapo ndipo anapoharibu, kwa sababu kuvuja na kugonga mara nyingi ni watoto wa mama mmoja: bomba limekabwa mahali lilipotakiwa kuachiwa.

Ekzosi haikai mahali pamoja. Kwanza hurefuka. Chuma cha kawaida hutanuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300 za Selsiasi huongezeka urefu wa zaidi ya sentimita 1, kisha hurudi likipoa. Pili, injini imekalia mipira, na kila ukikanyaga mafuta inacheza. Kwenye Noah ya zamani, ile inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma, injini imelala kufuata urefu wa gari chini ya viti vya mbele, hivyo hujipindua ubavu. Kwenye Probox imekaa kimkingamo, hivyo huinama mbele na nyuma. Tatu, difu hupanda na kushuka kila gurudumu linapoingia shimoni. Bomba lisilopewa nafasi ya kufuata miendo hiyo litajitafutia nafasi lenyewe, ama kwa kupasua weldi, ama kwa kung'oa gasketi, ama kwa kugonga sakafu.

Kwa hiyo kanuni ya msingi ni hii: ekzosi hufungwa kwa nguvu upande mmoja tu, kwenye manifoldi, na kutoka hapo hadi mwisho huning'inia kwenye mipira. Kwa gari kama Probox, karibu na injini pawe na fleksi, yaani kile kipande cha bomba kilichosukwa kwa waya kinachopinda. Ifungwe ikiwa imenyooka, isinyongwe wala kuvutwa. Fundi anayeitumia fleksi kusahihisha bomba lililokosea njia anaiua siku hiyohiyo. Kwenye Noah ya zamani mara nyingi utakuta ungio la duara lenye bolti za springi. Springi hizo zina kazi: zinaliruhusu ungio licheze bila kuachia gesi. Ukizikaza hadi zibanane kabisa, umeligeuza kuwa ungio gumu, na ufa utatokea mbele au nyuma yake.

Mipira ya kuning'inizia ndiyo inayodharauliwa kuliko kitu chochote katika kazi hii, na inaniuma kuona gari imetumiwa fedha nyingi kwa silensa mpya halafu imefungwa kwa waya. Waya haunyonyi mtetemo. Unaupeleka wote kwenye bodi, na dereva anasikia mngurumo ndani unaomchosha safari nzima. Mpira wa tyubu ni afadhali kidogo kwa siku moja ya dharura, lakini joto huulainisha na bomba likashuka. Mipira halisi ya ekzosi, hata iliyotumika ikiwa haijapasuka, ni bei ndogo ukilinganisha na kazi yenyewe. Weka mmoja karibu na kila uzito mkubwa, mbele na nyuma ya silensa, na hakikisha bomba linakaa mahali pake lenyewe kabla hujaining'iniza mipira. Mpira uliovutwa ubavuni tangu siku ya kwanza unasema kwamba bomba limepinda, na kuongeza mpira wa pili hakulinyooshi.

Katika kupima, gari ipimwe mara mbili: ikiwa imeinuliwa magurudumu yananing'inia, kisha ikiwa imebeba mzigo. Mafundi wengi hupima mara ya kwanza tu, nalo bomba hupita juu ya difu vizuri kabisa mpaka magunia yapakiwe. Acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kati ya bomba na bodi, na zaidi ya hapo kwenye tangi la mafuta, paipu za breki na buti za mpira.

Unene wa bomba usiongezwe kwa ajili ya sauti. Fuata kipenyo cha awali. Na ujihadhari na bomba la maji la mabati: lina zinki, na likichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa, baridi na maumivu ya mwili jioni ileile. Wengi huamini kwamba maziwa yanaikinga. Hayaikingi. Kinachosaidia ni kusaga zinki mpaka chuma kionekane, kuchomelea mahali penye upepo, na kuvaa barakoa inayofaa, au kutafuta bomba jeusi la chuma lisilopakwa zinki.

Weldi ya mwisho isipigwe bomba likiwa bado limefungwa kwenye gari. Panga vipande vyote chini ya gari bila kukaza, anzia kwenye injini kwenda nyuma, vishike kwa nukta za weldi tatu au nne, kisha shusha bomba zima ulizungushie weldi ukiwa umelisimamisha unavyotaka, maana sehemu ya juu usiyoiona ukiwa umelala chini ndiyo huacha tundu. Kabla ya kupiga hata hizo nukta kwenye gari, toa waya wa hasi wa betri, na kibanio cha hasi cha mashine kiwe karibu na mahali unapochomelea. Umeme wa weldi ukipita njia ndefu unaweza kuunguza kompyuta ya gari. Flanji nazo hupinda kwa joto, hivyo zifunge kwa bolti kwenye bamba nene kabla ya kuzichomelea. Flanji iliyopinda haifungiki hata kwa gasketi mbili, na silikoni ya tyubu haistahimili joto la karibu na manifoldi.

Mahali ambapo bomba linaingia ndani ya jingine, lile linalotoka upande wa injini ndilo liingie ndani ya lile la nyuma, kwa sentimita 4 au 5.

Bomba likiwa bado chini, lijaribu. Ziba upande mmoja, paka maji ya sabuni kwenye kila weldi, na mwombe fundi pancha jirani akupulizie upepo kidogo kutoka kwenye kompresa yake. Mapovu yatakuonyesha tundu ambalo jicho halilioni. Likishafungwa, washa injini ikiwa baridi na uzibe mwisho wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa, kwa sekunde chache tu. Bomba zima litasukuma kitambaa na injini itaanza kuzidiwa. Ukisikia "pf pf pf" pahali pengine, hapo panavuja. Usingoje ipate moto, maana chuma kikitanuka ufa mdogo hujifunga na sauti ikapotea, ukadhani umepona. Masizi meusi kwenye ungio ni ushahidi tosha.

Uvujaji si suala la kelele peke yake. Ukiwa kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje huingia na kuidanganya kompyuta kwamba mafuta ni machache, nayo huongeza. Ukiwa chini ya sakafu ya abiria, ni hatari ya uhai. Monoksaidi ya kaboni haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Abiria wanaoumwa kichwa, wanaosinzia au kutapika ndani ya gari wasiambiwe tu kwamba safari imewachosha. Washushwe wapate hewa, na sakafu ikaguliwe. Hatari huzidi pale masega, yaani kile kisafisha moshi (catalytic converter), yalipotolewa, kwa sababu kazi yake mojawapo ni kuibadilisha gesi hiyo kabla haijatoka.

Kuhusu kugonga, anza na bati la kukinga joto. Bolti zake huoza kwanza, na wosha pana moja inaweza kunyamazisha gari nzima. Kisha gonga silensa na kasha la masega kwa nyundo ya mpira, vikiwa baridi. Ukisikia kitu kinacheza ndani, masega au vizuizi vya ndani vimekatika, na hakuna mpira utakaokusaidia. Lile bati la kukinga joto usiling'oe ukalitupa. Kwenye nyasi kavu za Katavi kati ya Juni na Oktoba, bomba la moto lisilo na kinga chini ya gari iliyoegeshwa linaweza kuwasha moto.

Kutu huanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, na gari inayofanya safari fupifupi haipati joto la kuyakausha, yakabaki kwenye silensa. Tundu la milimita 2 au 3 sehemu ya chini kabisa ya silensa huyatoa, ilimradi silensa iko nyuma kabisa, si chini ya sakafu ya abiria.

Baada ya siku mbili tatu za kazi, gari ikiwa imepoa, bolti za flanji zikaguliwe na kukazwa tena kwa kupokezana, moja hapa na ya pili upande wa pili, kwa sababu gasketi mpya hukaa sawa ikishapata moto. Bolti za springi zibaki na nafasi yake.