Makao ya wazee Uingereza hukaguliwa vipi?

WAKENYA wanaowahudumia wakongwe katika makao ya uuguzi huko England hukumbana na wakaguzi wa CQC, tume iliyoanza kazi mwaka wa 2009.

Mara nyingi wakaguzi hao hufika bila kutoa taarifa. Huchunguza mambo matano: usalama, ufanisi, utu, kuitikia mahitaji ya kila mkazi, na uongozi. Huwahoji wakazi, jamaa na wafanyakazi, na kupekua kumbukumbu za dawa na ajali. Kuna madaraja manne, na sheria huagiza daraja lililotolewa libandikwe mahali pa wazi.

Mbona uongozi ukaguliwe? Mzee akianguka usiku, huenda chanzo si sakafu, bali meneja aliyepanga wahudumu wachache zamuni. Usafi pekee haumwinui aliyeanguka.