Nambari Iliyomwokoa Mwenzetu

Wanachama wenzangu, haraka haraka haina baraka. Muhula uliopita nusura tumwadhibu bure mwenzetu wa kidato cha kwanza. Faili ya maswali ya marudio ilikuwa ikikwamakwama kila tulipoivuta kutoka kompyuta kuu ya maabara. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeishika mwisho, tukapiga kelele, "Ni huyu tu, ameiharibu!"

Mwalimu alitutuliza, akafungua programu ya Wireshark kwenye kompyuta iliyokuwa ikipokea. "Hebu tazameni nambari ya ukiri," akasema.

Nambari hiyo ni nini? Kompyuta zikizungumza kwa utaratibu wa TCP, ambao kanuni zake zilichapishwa mwaka wa 1981, kila baiti ya data ina nambari yake. Mpokeaji hataji baiti ya mwisho aliyoipata, la hasha! Hutaja ile anayoingojea. Ni kama kumpelekea rafiki kitabu ukurasa baada ya ukurasa. Akisema, "Nipe wa 4," umejua wa 1 hadi wa 3 amezipata.

Haya, tuhesabu. Kifurushi cha kwanza kilibeba baiti 1 hadi 1460. Kompyuta yetu ikajibu 1461. Cha pili kikafika, ikajibu 2921. Kisha 2921 tena, na tena, na tena! Mimi nikaropoka, "Si mnaona? Baiti ya 2921 imefika!" Kumbe ndiyo iliyokosekana. Kifurushi cha tatu kilikuwa kimepotea, na kila kilichokuja nyuma yake kilifanya ombi lile lile lirudiwe. Mtumaji akipata marudio matatu, hutuma upya kilichopotea. Kilipofika, jibu likaruka hadi 8761, maana vifurushi vitatu vya nyuma vilikuwa vimeshahifadhiwa.

Basi kesi ikaisha. Faili hata ikiwa mbovu, TCP huibeba vivyo hivyo. Haipotezi vifurushi kwa sababu hiyo. Na kama vya nyuma vilifika, kompyuta kuu ilikuwa ikituma. Hasara ilikuwa njiani. Tukaifuata kebo mpaka nyuma ya meza, tukakuta kichwa chake kimelegea. Tulipoibadilisha, marudio yakakoma, faili ikaja yote, nzima kabisa. Tukamwomba mwenzetu msamaha, mimi nikiwa wa kwanza.

Msomaji mpenzi, siku mtandao ukikwama, usianze kuuliza, "Nani kaharibu?" Uliza, "Inangojewa nambari gani?"