Tanzania: Duka la mtaani na amri ya biashara 15 zilizofungwa kwa wageni

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mtoto akitumwa sukari haelezwi aende duka gani. Huambiwa tu aende kwa Mangi. Neno hilo lilikuwa cheo cha watawala wa Wachaga wa Kilimanjaro. Kwa kuwa wengi waliofungua maduka ya rejareja mijini walitoka huko, cheo kimegeuka kuwa jina la muuza duka yeyote, hata akiwa Mha wa Kigoma au Mngoni wa Songea.

Duka hilo ni fremu moja ya kupanga, mara nyingi yenye nondo mbele na kidirisha cha kupitishia bidhaa. Humo huuzwa robo kilo ya sukari, mafuta ya kula kwa kipimo, kipande cha sabuni, sembe na vocha ya simu. Pembeni hukaa daftari la madeni, ambalo mwisho wa mwezi huwa na uzito kuliko sanduku la fedha. Wasomaji wanaoijua Buyenzi, mjini Bujumbura, hawatahitaji maelezo zaidi.

Ni kwa jina la wafanyabiashara wa aina hii, na wenzao wa saluni na wa kutengeneza simu, ambapo serikali ya Tanzania ilitangaza mwezi Julai 2025 amri inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Amri hiyo ilitolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, kwa hoja kwamba wageni walikuwa wameingia katika shughuli zinazopaswa kufanywa na Watanzania.

Chimbuko la karibu ni Kariakoo, soko linalolisha maduka ya Tanzania na ya nchi za jirani. Kwa miaka mingi soko hilo lilikwenda kwa mnyororo unaoeleweka: mwagizaji huleta kontena, muuza jumla huchukua mzigo, naye mwenye duka dogo hupewa sehemu yake kwa mali kauli, yaani huchukua bidhaa sasa na kulipa akishauza. Malalamiko yalianza pale baadhi ya waagizaji kutoka nje, hasa Wachina, walipodaiwa kuacha nafasi yao ya mwanzo wa mnyororo na kuuza rejareja kwa mnunuzi wa mwisho. Mwenye kontena akiuza kitu kimoja kimoja kwa bei ya jumla, wote waliokuwa katikati hukosa kazi. Aidha, mgeni mwenye mtaji mkubwa huweza kulipa kilemba na kodi ya fremu ya mwaka mzima ambayo mzawa hawezi kuifikia. Mwanzoni mwa 2025 serikali iliunda kamati ya kuchunguza hali hiyo.

Orodha iliyotokana na amri ni pana kuliko Kariakoo. Inajumuisha biashara ya jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki, saluni zisizo ndani ya hoteli au za utalii, usafi wa nyumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, uongozaji watalii, udalali, uwakala wa forodha, viwanda vidogo, pamoja na ununuzi wa mazao shambani. Mgeni anayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemkopesha mgeni jina lake naye ametajwa: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kwa aliyekuwa na leseni halali, amri ilimruhusu kuendelea hadi muda wake uishe.

Jambo moja halikuzungumzwa sana: maduka makubwa ya kujihudumia yameachwa nje ya katazo la rejareja. Ingedhaniwa kwamba hao ndio adui wa Mangi, lakini historia inasema vingine. Shoprite ya Afrika Kusini iliyauza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga matawi yake mwaka 2015. Hatimaye Nakumatt yenyewe ikaanguka. Duka la mtaani halikuhitaji sheria ili kuwashinda. Lilikuwa karibu, lilipima bidhaa kulingana na shilingi iliyopo mfukoni, na lilikopesha.

Wala si mara ya kwanza kwa dola kuamua nani auze mtaani. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Bidhaa zikaadimika, na mpango ukasitishwa mwaka huohuo. Safari hii hali ni tofauti, kwani anayelindwa ni mwenye duka binafsi. Lakini kumwondoa mshindani hakumpi anayebaki mtaji, wala hakupunguzi kodi ya fremu.

Kenya ilikuwa ya kwanza kulalamika hadharani, ikitaja Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, ambayo Ibara yake ya 13 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine ya Jumuiya. Neno lililotumika katika amri ni “asiye raia”, bila kumtenga Mrundi au Mkenya na mgeni wa mbali. Kinyozi wa Kirundi mjini Kigoma na mwenye kontena wa Kariakoo wamewekwa kapu moja, ingawa hasara wanayoweza kumletea jirani yao hailingani.

Kwa msomaji anayevuka mpaka, tofauti ya kuzingatia ni kati ya kununua na kufungua duka. Amri haimzuii mtu kununua mzigo Kariakoo au Kigoma na kurudi nao nyumbani, na utaratibu rahisi wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani ni suala jingine kabisa. Kwa mahindi au maharage, hata hivyo, mgeni hawezi tena kumfuata mkulima shambani. Atalazimika kununua kwa mfanyabiashara Mtanzania, kwa bei ambayo tayari ina faida ya mtu mwingine ndani yake.